Waya Nilioufungua

Mama yangu anaitwa Priscilla, na ukitaka kumkasirisha mwambie ahame kule mlimani Sagalla aje akae nami mjini Voi. Nimejaribu. Nilimtengenezea chumba, nikamnunulia godoro zito la kufaa mgongo wake, nikamsifia mfereji wa maji ulio hapo hapo mlangoni. Alikaa siku mbili. Ya tatu nilimkuta amejifunga leso kiunoni, kikapu mkononi, ananiuliza mbuzi wake wanalishwa na nani. Nikamwambia wanalishwa na mdogo wangu Daisy. "Daisy huyu huyu niliyemzaa mimi?" akasema, na kabla sijajibu alikuwa keshampungia mkono mtu wa bodaboda.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani mbili nyuma ya soko la Voi, nashona sare za shule na magauni ya harusi, na wateja wangu watakwambia mambo mawili kunihusu: mshono wangu haufumuki, na mdomo wangu haufungiki. Eti nina hasira. Sina hasira, nina kazi nyingi. Lakini hao hao watakwambia pia kwamba nikiharibu kitambaa chako nakupigia simu siku hiyo hiyo, nakwambia, "Dada, nimekukosea, mkono wa kushoto nimeukata mfupi." Mafundi wenzangu hunicheka. Wanasema ningenyamaza tu, nisingizie kitambaa kimenywea, nani atajua?

Msidhani nilizaliwa hivi. Nilizaliwa mwongo kama watoto wote, tena mimi nilikuwa na kipaji. Mama ndiye aliyeninyoosha, na hebu niwaeleze ni mtu wa namna gani, maana mkimwona kanisani mtadanganyika. Kanisani ni mpole, anafagia, anapanga maua, anaimba sauti ya pili kwa nguvu mpaka ya kwanza inapotea. Nyumbani ni mtu mwingine. Huwatukana mbuzi kwa majina ya watu waliomuudhi wiki hiyo, na kwa miaka mingi mbuzi mkaidi kuliko wote aliitwa Rita, ambalo ndilo jina langu.

Baba alifanya kazi Mombasa, akija Krismasi na kwenye matanga, kwa hiyo shamba, mbuzi, maji na sisi watoto vyote vilimwangukia Mama. Hakuwa na wakati wa kuchapa mtu. Adhabu yake ilikuwa moja tu: kurudi. Ukimwamkia mtu huku unatazama pembeni, rudi ukamwamkie tena. Ukisema umefagia na hujafagia, rudi ukafagie, na uwani kwa bibi pia. Nilipokuwa na miaka minane nilichuma papai la mke wa mchungaji, nikala nusu. Mama alinitia ile nusu mkononi, alama za meno yangu zikiwa pale pale, akasema, "Rudisha." Mke wa mchungaji alicheka mpaka akakaa chini, akanipa papai jingine zima. Nikafika nalo nyumbani nimenuna kwa nje, ndani nacheka. Mama akalipokea vizuri kabisa, akalikatakata, akawapa mbuzi. Jamani, nililia siku hiyo kama niliyefiwa!

Sasa siku ninayotaka kuisimulia, nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mzee Gibson, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi hata ya kulimia. Alikuwa na shamba kubwa kuliko letu mara tatu, na tangi la saruji lililokinga maji ya mvua kutoka kwenye paa lake la mabati. Sagalla ni kuzuri, hewa yake hutaipata kokote, lakini maji tunayajua kwa mgongo. Mwaka ule bomba la kijiji lilikuwa limekufa tena, na Mzee Gibson, kwa wema wake tu, alitukubalia kuchota mitungi miwili kila jioni. Bila hilo tangi, Mama angeteremka bondeni mpaka chemchemini na kupanda tena, saa nzima na zaidi, na goti lake la kulia lilikuwa bovu tangu alipoanguka na mzigo wa kuni.

Kitu kingine tulicho nacho ni ndovu. Wanatoka mbuga ya Tsavo, na mahindi wanayapenda kama watu. Kwa hiyo Mzee Gibson alizungushia shamba lake mizinga ya nyuki. Mgeni akisikia hivyo hucheka, lakini kwetu ni kawaida. Unasimamisha nguzo, kila baada ya hatua kumi unatundika mzinga, na mizinga yote unaiunganisha kwa waya. Ndovu akija akausukuma ule waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka na hasira zao, na ndovu na ukubwa wake wote anakimbia, maana nyuki huingia hata kwenye mkonga. Hiyo ni kama waya umefungwa. Ukiwa umefunguliwa, mahali pale ni barabara.

Upande wa kwetu palikuwa na mahali pa kupitia. Waya ulishikwa na kulabu. Unaufungua, unapita, unaufunga. Lakini aliyeruhusiwa kuufungua ni mtu mmoja tu, Munyoki, aliyekuwa kibarua wa Mzee Gibson mwaka wa nne sasa. Munyoki alikuwa Mkamba wa kutoka karibu na Mtito Andei, mtu wa makamo, mabega mapana, mwenye haya mpaka akiamkiwa na wanawake watatu kwa pamoja anatazama viatu vyake. Kila siku saa kumi na moja jioni alizunguka ua mzima akikagua kulabu moja moja. Sisi watoto tulimwita Anko.

Ilikuwa Februari, mahindi yanaanza kukauka shambani. Nilienda kuchota maji na wilbaro, mitungi miwili, na nilikuwa nimechelewa mazoezi ya kwaya. Mwalimu wa kwaya alikuwa amenipa mimi kuanzisha wimbo, mnielewe, mimi, si binti wa mzee wa kanisa, na nilikuwa nimejipanga kufika mapema nionekane. Njia ya kuzunguka na wilbaro ilikuwa ndefu, imejaa mawe. Njia ya kukata shambani ilikuwa ya dakika mbili. Kwa miguu tungeinama tu na kupita chini ya waya, lakini wilbaro haiinami. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikaufungua.

Sasa ule waya ulikuwa umekazwa, mimi sikujua. Ulinichomoka mkononi, mzinga wa karibu ukacheza, na nikasikia nyuki wanaguna ndani. Ukisikia nyuki wanaguna namna ile huulizi swali. Nilishika wilbaro nikakimbia, maji yakimwagika, waya nimeuacha chini kwenye nyasi. Nikajiambia, wakitulia nitarudi niufunge. Nilifika nyumbani, nikaoga, nikaenda kwaya, nikaanzisha wimbo, nikasifiwa mbele ya watu. Nikarudi, nikala, nikalala. Haki ya Mungu, waya haukunijia kichwani hata mara moja.

Asubuhi tuliamshwa na mke wa Mzee Gibson akipiga mayowe. Nyayo zilionyesha ndovu wanne. Walikuwa wamekula nusu ya shamba na ile nusu nyingine wameilalia. Mipapai iling'olewa, kunde zimekanyagwa mpaka udongo umegeuka, mahindi ya mwaka mzima yametapakaa kama makapi. Mzee Gibson alisimama katikati na koti lake la kanisani juu ya nguo za kulalia.

Watu wakajaa. Munyoki alikuwa amesimama pale kwenye nguzo, ameushika ule waya niliouacha kwenye nyasi.

"Munyoki," Mzee Gibson akasema, "jana uliufunga huu?"

"Nadhani niliufunga, Mzee."

"Unadhani?"

Munyoki akautazama waya, akatazama mikono yake, akautazama waya tena. "Mzee, mimi nakumbuka niliufunga. Lakini huu hapa uko wazi, na hakuna mtu mwingine wa kuufungua." Akauachia waya. "Labda nilisahau. Nisamehe, Mzee. Nimesahau."

Mimi nilikuwa nyuma ya Mama, hatua tano kutoka pale. Nitasema ukweli wote, maana nimeshaanza. Nilifurahi. Nikajiambia, basi, limekwisha, mwenyewe amekubali. Nikachukua mkoba wangu nikaenda shule.

Saa ya chakula cha mchana ndipo niliposikia. Mtoto mmoja wa jirani alisema Munyoki anafunga mizigo, Mzee Gibson amemwambia leo leo aondoke. Uji niliokuwa nakunywa niliuacha pale pale. Nilitoka mbio mpaka nyumbani, nikamkuta Mama kibarazani na uteo wa maharagwe mapajani, anachagua mawe.

"Mama, ni mimi niliyefungua waya."

Hakupiga kelele. Aliniuliza saa ngapi, nikamwambia karibu saa kumi na mbili, nikitoka kuchota maji. Akaniuliza kwa nini sikuufunga, nikamwambia. Nikangojea lile neno lake. Nilikuwa hata nimegeuka, mguu mmoja uko njiani, maana nilijua nitaambiwa rudi ukaseme. Lakini Mama hakunitazama mimi. Alitazama ng'ambo, kwenye tangi la Mzee Gibson, akalitazama kwa muda mrefu sana.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza," akasema kwa sauti ya chini. "Nenda shule."

Nilienda. Mtu angedhani nilirukaruka kwa furaha njiani, lakini wapi. Nilikaa darasani kama mtu aliyemeza jiwe. Kosa langu nilikuwa nimelizoea tangu asubuhi, ila hili la Mama lilinitisha. Kumbe naye anaweza kuogopa? Mwalimu aliniuliza swali la hesabu nikajibu jina la mto.

Ilipofika saa tisa mlango wa darasa ukagongwa. Mama alikuwa amesimama nje, leso imefungwa kiunoni, jasho linamtoka, anamwomba mwalimu ruhusa. Alinitoa mpaka kwenye ukuta wa choo cha wasichana, mahali pasipo na mtu. Akanishika mabega.

"Rita, nimekukosea," akasema. "Nilikwambia unyamaze kwa sababu ya maji. Tangu umeondoka nimekaa na ule uteo, sijatoa jiwe hata moja. Nilimwona Gibson amekasirika, nikaona mitungi, nikaona lile bonde, nikaona goti langu. Munyoki sikumwona kabisa. Kosa la waya ni lako. Kosa la kukunyamazisha ni langu, usilichukue. Sasa twende tukaseme, kila mtu na lake."

Nyinyi hamjui neno hilo lilikuwa zito kiasi gani. Kwetu mtu mzima hakosei. Akikosea hubadilisha mazungumzo. Sikuwahi kumsikia mzazi, si wangu si wa mwenzangu, akimwambia mtoto amemkosea. Nililia pale pale ukutani, na Mama akanifuta kamasi kwa ncha ya leso, akanisukuma mbele.

Mzee Gibson tulimkuta uwani, ameketi kwenye kiti cha mbao, anatazama shamba lake. Mama alinibana kiwiko. Nikasema, na nilisema vibaya, kwa kigugumizi, lakini nilisema yote: wilbaro, kwaya, nyuki, nyasi. Nikanyamaza. Mama naye akasema lake.

"Baba Fanuel, mtoto aliniambia tangu saa saba. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Niliogopa utatukataza maji."

Fanuel ni kifungua mimba wa Mzee Gibson, na hivyo ndivyo watu wazima walivyomwita. Mzee alitutazama mmoja mmoja kama anayesoma karatasi ya mtihani.

"Saa saba," akasema. "Munyoki amepita hapa saa nane na begi lake. Ungekuja saa saba ungemkuta."

Niliona shingo ya Mama ikishuka. Akamwomba ampigie Munyoki simu. Mzee akapiga, simu haikupatikana, akapiga tena, haikupatikana.

"Na hayo maji," Mzee Gibson akasema, akisimama, "kuanzia leo mtafute pengine. Mama Rita, sisemi hivi kwa sababu ya mahindi." Mkewe alitoka jikoni akajaribu kumtuliza, lakini Mzee alishaingia ndani.

"Ni haki yake," Mama akamwambia yule mama. "Ameshika njia gani?"

"Ya chini. Alisema atapanda lori la mchanga linalokwenda Voi, linatoka saa kumi na nusu."

Hapo niwaambie kabisa habari ya maji nimalizane nayo. Tulichota chemchemini mpaka mvua ya masika iliponyesha. Mama alilalamika kila siku ya Mungu. Alilalamikia mitungi, mawe, Mzee Gibson, ndovu, serikali na goti lake, na aliyekuwa karibu alisikia yote. Lakini katika miezi ile yote miwili hakuniambia hata siku moja kwamba ni kwa sababu yangu. Nilikuwa namtegea sikio alitamke, nijue amelisema tumalize. Hakulitamka, na mpaka leo hajalitamka.

Basi tukashika njia ya kuteremka. Bodaboda hapakuwa na hata moja, zote ziko chini, na Mama alisema tukikaa kuzisubiri lori litakuwa limeondoka. Mnaoijua njia ya Sagalla mnaelewa. Yeye aliteremka ubavu ubavu, mkono mmoja begani mwangu, mguu mzima mbele, mguu mbovu nyuma, akiuma meno. Kila jiwe lilikuwa na tusi lake.

"Mama, wewe kaa. Niache mimi nikimbie."

"Ukimbie peke yako? Utafika chini, utajificha nyuma ya duka, uje uniambie hukumkuta. Nakujua, nimekuzaa."

Na alikuwa amenijua sawasawa, maana ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Nilikuwa nimeshachagua hata duka lenyewe.

Tulikuwa hatujafika nusu ya njia goti lilipokataa. Halikuteguka wala nini, lilikataa tu kukunjika. Mama aliketi kwenye jiwe kando ya njia, uso umemsawijika. Chini kule tukaliona lori, dogo, limeegeshwa barabarani, na watu wanapanda nyuma. Mama akalitazama lori, akanitazama mimi. Akauondoa mkono wake begani mwangu.

"Kimbia," akasema. "Usinisubiri."

Jamani, nilikimbia. Sare ilinipasuka kwenye mwiba, kiatu kimoja kilitoka nikakiacha. Nilipita lile duka langu la kujifichia bila hata kuligeukia, na si kwa sababu nilikuwa jasiri. Nilikuwa namwona Mama amekaa kwenye jiwe, na nilijua kwamba pale alipokaa ananiona.

Lori lilikuwa limeshanguruma. Munyoki alikuwa ameketi juu ya mchanga pamoja na watu wengine sita au saba, begi mapajani. Nilisimama katikati ya barabara mbele ya dereva, nikainua mikono. Dereva alinitukania ukoo mzima. Mimi nikapaza sauti ile ile ya kuanzishia wimbo kanisani.

"Anko Munyoki! Waya niliufungua mimi!"

Watu wote juu ya lori waligeuka. Munyoki akainuka taratibu, akashika ukingo wa lori, akanichungulia.

"Unasema?"

"Mimi ndiye niliyeufungua. Nilipita na wilbaro, nyuki wakaguna, nikakimbia. Sikuufunga."

Alishuka. Alishuka kwa uangalifu, mguu mmoja mmoja, kama mzee, begi akaliacha juu, mmoja wa abiria akamrushia. Akaja akasimama mbele yangu. Nilidhani atanizaba kofi, na nilikuwa tayari, nimelikaza shavu.

"Ilikuwa saa ngapi?" akaniuliza.

"Karibu saa kumi na mbili."

"Mimi nilipita saa kumi na moja."

"Ndiyo, Anko."

"Ulipoufikia wewe," akasema, "ulikuwaje?"

"Ulikuwa umefungwa. Kulabu iliingia mpaka mwisho, ilinisumbua kuitoa."

Munyoki akaketi chini. Barabarani, kwenye vumbi, mtu mzima. Dereva alipiga honi, akapiga tena, kisha akatuzunguka akaenda zake na lori lake. Munyoki hata hakuligeukia. Alijifunika uso kwa mikono na mabega yale mapana yakaanza kutikisika, na mimi nikasimama pale na kiatu kimoja, sijui niende wala nibaki.

"Anko, kazi utarudishiwa," nikamwambia. "Tumeshamwambia Mzee. Anajua si wewe."

Akatikisa kichwa. "Si kazi, mtoto," akasema. "Kazi nitapata nyingine. Mama yangu alianza hivi hivi. Alianza na mlango wa zizi. Kila siku anasema ameufunga, kila asubuhi mbuzi wako nje, na tukimgombeza anatazama mikono yake. Halafu akasahau njia ya kwenda kisimani. Halafu akatusahau sisi." Akajifuta macho kwa kiganja. "Tangu asubuhi nakumbuka vizuri kabisa nikiufunga ule waya. Nauona mkono wangu. Nikasema, basi, imenifikia na mimi. Nilikuwa naenda nyumbani kuwaambia ndugu zangu wanitafutie mahali pa kukaa kabla sijaharibikiwa zaidi."

Siku nzima nilikuwa nimedhani nimemnyang'anya Munyoki kazi, na hata hilo nilikuwa nimelifurahia asubuhi. Kumbe nilimnyang'anya akili yake mwenyewe. Alikuwa ametembea ameibeba hofu hiyo kutoka mlimani mpaka chini, na mimi nimekaa darasani.

Mama alifika baadaye, anaburuta mguu, kiatu changu mkononi. Sijui aliteremkaje, hajaniambia. Hakuniuliza kama nimesema. Alimwona Munyoki alivyokaa, akajua. Akajishusha chini kwa kuugua, akaketi kwenye vumbi kando yake, akamshika mkono.

"Baba, mimi nilijua tangu saa saba," akamwambia. "Nikanyamaza. Nisamehe."

Munyoki alikubali kwa kichwa. Mzee Gibson alimrudisha kazini kesho yake na kumwomba radhi mbele ya watu wale wale, na alikaa kwetu miaka mingine sita, kichwa chake kizima. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile, pale barabarani, aligeuka akanitazama kama mtu anayeomba maji.

"Hebu niambie tena," akasema. "Ulipofika ulikuwaje?"

"Ulikuwa umefungwa, Anko."

Akafumba macho. Mama akanikonyeza niendelee, na mimi nikasema tena, na tena, mpaka aliponiambia inatosha.